Kafikisha miaka saba, baba yake anasema sasa ni wake

Barua za safari hii nyingi zimekuja baada ya malipo ya korosho kuanza kuingia, na sishangai. Msimu ndio unaowarudisha watu kijijini, na ndio unaofufua madai yaliyokuwa yamelala tangu masika. Nilifanya kazi ya ustawi wa jamii Newala na Masasi mpaka nikastaafu, na kila mwaka kuanzia mwezi wa kumi hadi Januari ofisi yangu ilijaa wazazi walioachana, kila mmoja na lake. Majina na vijiji vya walioandika nimeviacha. Nimechagua barua tatu, na ya kwanza nitakaa nayo zaidi kwa sababu najua wanaoteseka kwa jambo hilo ni wengi.

*Shikamoo mama. Nina watoto wawili, naishi Tandahimba. Mwaka jana mume wangu alinipa talaka, aliiandika kwenye karatasi ya daftari akaileta na kaka yake. Nikarudi kwa mama yangu na watoto wote. Mkubwa wa kiume ana miaka minane, mdogo wa kike ana minne. Mwezi wa kumi baba yao akaja kumwomba mkubwa akamsaidie kuokota korosho wiki mbili. Mpaka leo hajamrudisha, na shule hasomi. Nikipiga simu ananiambia mtoto wa kiume akifikisha saba ni wa baba, ndivyo sheria ilivyo, na huyu mdogo nimlee tu, akifika saba anakuja kumchukua. Hela ya matumizi hatoi tangu nilipomkatalia kumchukua mdogo siku ya Idi. Mama ananiambia ninyamaze, nikienda mahakamani watanipokonya wote kwa kuwa sina kazi. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Nianze na hiyo miaka saba, maana imewaliza wanawake wengi huku kwetu bila sababu.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 125, inasema mtoto aliye chini ya miaka saba huchukuliwa kuwa ni heri kwake akae na mama, mpaka itolewe sababu ya kuonyesha vinginevyo. Basi. Hakuna mahali inaposema siku anayotimiza saba anahamia kwa baba. Watu wameisikia nusu, hiyo nusu nyingine wamejitungia wenyewe barazani. Mtoto akishavuka saba, mahakama inauliza swali lile lile inalouliza kwa kila mtoto: akikaa wapi ndipo maslahi yake yatalindwa zaidi? Inaangalia umri na jinsia yake, inasikiliza matakwa ya wazazi, inamsikiliza na mtoto mwenyewe kama ana umri wa kusema lake, inatazama mila za jamii yenu, inaangalia ubaya wa kumhamishahamisha. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaongeza kwamba ni vizuri ndugu wasitenganishwe. Kwa hiyo binti yako akitimiza saba hakuna kengele itakayolia. Na kijana wako hajawa mali ya baba yake kwa kufikisha minane.

La pili, talaka yenyewe. Karatasi ya daftari aliyokuletea ina uzito wake kidini, nami siidharau. Lakini kwa sheria za Tanzania Bara ndoa haijavunjwa mpaka mahakama itamke. Utaratibu ni kwamba mnakwenda kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, liwe la kata au la BAKWATA kwa ninyi Waislamu. Likishindwa kuwapatanisha linatoa hati ya kusema hivyo. Hati hiyo ndiyo unayopeleka mahakamani pamoja na ombi la talaka, na humo humo unaomba mambo mengine: watoto wakae na nani, matunzo yao, na mgawanyo wa mlichochuma. Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu nawe ina mamlaka ya kusikiliza haya yote, na unaweza kujieleza mwenyewe bila wakili.

Kama mlipanda mikorosho mkiwa pamoja, usiogope kuitaja. Tangu mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilishasema kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Nakutajia kwa sababu nimeona kina mama wakimng'ang'ania mtoto kwa uchungu wa shamba, na kina baba wakimchukua mtoto ili mama asidai shamba. Shamba lidai kama shamba. Mtoto muweke pembeni.

Sasa kuhusu kijana aliyebaki kwa baba yake. Najua wakubwa wa nyumbani wanaweza kukushauri uende usiku ukamchukue, au umtume mjomba na vijana wawili. Usifanye. Hakuna amri ya mahakama mpaka sasa, wote wawili bado ni wazazi wenye wajibu sawa, na ukimnyakua leo, kesho naye atamnyakua, na mtoto ndiye atakayejifunza kulala na viatu. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, mweleze hasa hili la shule. Kuokota korosho na baba jioni au Jumamosi si kosa, watoto wetu wote wameokota. Lakini mtoto wa miaka minane kukaa shambani wakati wenzake wako darasani ni jambo ambalo afisa hawezi kulifumbia macho. Mwalimu mkuu wa shule aliyokuwa anasoma akuandikie barua inayoonyesha tarehe aliyoacha kuhudhuria. Barua hiyo ina nguvu kuliko maneno yako na yangu. Ukifungua shauri, omba na amri ya muda ili mtoto arudi shule wakati kesi ikiendelea. Ukisikia anapigwa au hali vizuri, hapo usingoje kesi, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi siku hiyo hiyo.

Mama yako anaogopa kwamba huna kazi. Mwambie hivi kwa heshima zote: kukosa mshahara hakumfanyi mama apoteze watoto. Kifungu cha 129 cha Sheria ya Ndoa kinamwekea baba wajibu wa kuwatunza watoto wake, wawe wanakaa kwake au kwa mtu mwingine yeyote: chakula, mavazi, malazi, elimu. Maana yake ni kwamba mahakama inaweza kusema watoto wakae na wewe, na baba alipe. Hivyo ndivyo ilivyo kwa kesi nyingi nilizozifahamu. Anayekwambia "huna kazi utanyang'anywa" anachanganya mambo mawili.

Nikueleze na tunavyofanya sisi wa ustawi, usije ukaogopa siku afisa akibisha hodi. Mahakama inaweza kutuagiza tukatazame mazingira ya pande zote mbili na kuandika ripoti. Watu hukimbilia kuazima makochi. Mimi nikiingia ndani sikuwa na habari na makochi wala bati. Nilikuwa naomba maji ya kunywa, halafu namtazama mtoto. Anajua kikombe kiko wapi? Anakwenda mtungini mwenyewe, au anamtazama mtu mzima kwanza aone kama anaruhusiwa? Nauliza anakolala, naangalia kama neti imefungwa au imekunjwa mpya ndani ya mfuko. Naomba daftari la shule nione mara ya mwisho mwalimu aliweka tiki lini. Namuuliza mzazi: ukienda shamba alfajiri, uji anapika nani? Kisha natoka na mtoto, tunakaa chini ya mti, mbali na masikio ya wakubwa. Sijawahi kumuuliza mtoto "unampenda nani zaidi". Swali hilo ni ukatili. Namuuliza siku yake ilivyokuwa jana tangu alipoamka, na majibu yote yanakuwa humo.

Kwa hiyo usihangaike kupamba nyumba ya mama yako. Hangaikia hayo.

Halafu kuna jambo moja ambalo lazima nikwambie, ingawa najua una maumivu. Kumkatalia baba asimwone binti siku ya Idi haikuwa sawa. Naelewa hofu yako, ungemwaminije kwamba atamrudisha? Lakini ungeweza kusema njoo umwone hapa nyumbani, kula naye pilau, umnunulie gauni, jioni uondoke. Sheria ya Mtoto, kifungu cha 26, inampa mtoto haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi asiyeishi naye ilimradi shule isiharibike. Haki hiyo ni ya binti yako. Si ya kwako wala ya baba yake. Na yeye baba kukata hela kwa sababu hakumwona mtoto ni kosa kubwa zaidi, maana mtoto hali hasira. Anza wewe. Mtumie ujumbe wa simu wa adabu, umwambie siku na saa anayoweza kuja kumwona mdogo hapo kwa bibi yake, na uutunze huo ujumbe. Asipokuja, hakimu atausoma. Akija, binti amemwona baba yake.

Kuhusu kiasi cha matunzo. Mahakama inaangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, majukumu yao mengine, na gharama za maisha za mahali mnapoishi. Wanaume wengi husimama wakasema "mimi ni mkulima tu, sina mshahara". Korosho zetu zinauzwa mnadani kwa stakabadhi ghalani, na malipo yanapita benki kupitia chama cha msingi. Kilo alizopeleka zimeandikwa. Ukijua jina la AMCOS yake, yaani hicho chama cha msingi, litaje mahakamani. Na kwa kuwa hela ya korosho huja kwa mkupuo, mimi siku zote niliwashauri wazazi wa huku wasikubaliane kwa mtindo wa mshahara wa Dar es Salaam. Mweleze hakimu kwamba unaomba sehemu kubwa ilipwe wakati wa malipo ya msimu, itoshe sare na madaftari ya Januari na gunia la mahindi, halafu kiasi kidogo kila mwezi uliobaki. Amri ambayo baba anaweza kuitekeleza ni bora kuliko amri nene ambayo mwezi wa nne imeshakufa.

Beba vyeti vya kuzaliwa vya watoto, ile karatasi ya talaka, cheti cha ndoa kama unacho, barua ya mwalimu, na simu yako yenye ujumbe wote. Usifute kitu, hata matusi.

*Shikamoo mama. Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Masasi. Mke wangu ni Mmakonde wa Newala, mahakama ilituachanisha miaka mitatu iliyopita na mtoto wetu wa kiume, sasa ana miaka kumi, akapewa mama yake. Sikupinga, alikuwa mdogo. Kila mwezi natuma 50,000 kwa simu. Lakini nikienda kumwona nazungushwa: leo yuko kwa bibi, kesho ana homa. Wajomba zake wameniambia wazi kwamba kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, baba ni mgeni. Likizo ya mwezi wa sita walimwingiza jandoni, nikapata habari kwa abiria wangu. Nimeumia sana. Nataka kusimamisha hela mpaka wanipe mtoto wangu nimwone. Nitakuwa nimekosea?*

Marahaba, baba. Ndiyo, utakuwa umekosea, na utakuwa umewapa silaha watu waliokuwa hawana.

Hela unayotuma inakwenda tumboni kwa mwanao na kwenye madaftari yake. Ukiisimamisha, mjomba hatalala njaa. Na siku utakapokwenda mahakamani kuomba kumwona mtoto, jambo la kwanza watakalosema ni kwamba umemtelekeza. Leo hawawezi kusema hivyo, kwa sababu kila muamala uko kwenye simu. Nenda ukaombe taarifa ya miamala ya muda wote huo kwa mtandao wako, uichape. Hapo ndipo penye nguvu yako.

Umefanya vizuri kuandika kuhusu jando, maana barua hiyo nimeisoma nikasimama kidogo. Kwa baba wa huku kusini kuambiwa na abiria kwamba mwanao katoka jandoni ni fedheha isiyoelezeka kwa mtu wa mbali. Hukumtafutia mtu wa kukaa naye, hukununua shuka, hukuwepo siku ya kutoka watoto wakipigiwa ngoma na kuvalishwa nguo mpya. Hilo haliwezi kurudishwa, na sitakudanganya kwamba kuna kifungu cha kulirudisha.

Lakini wajomba wamekosea hata kwa mila yao wenyewe. Ni kweli Wamakonde, kama Wamwera, Wayao na Wamakua, kwa asili ni watu wa upande wa mama, na mjomba ni mkubwa. Nimeishi nao, nimeolewa kwao. Baba hakuwa mgeni hata siku moja. Baba alikuwa na nafasi yake ya heshima, na wazee waliokuwa wanajua mila walikuwa wanamtumia mtu kumwarifu kabla mtoto hajaingia jandoni. Kumficha mtoto kwa jina la ukoo ni jambo la juzi tu. Na sheria, ijapokuwa inairuhusu mahakama kuzitazama mila, inaziweka chini ya maslahi ya mtoto. Hakimu hawezi kuambiwa "kwetu ndivyo" akafunga jalada.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwanza soma hukumu yenu, omba nakala kama huna. Angalia kama inasema lolote kuhusu wewe kumwona mtoto. Mara nyingi mahakama inampa mama mtoto, watu wanaondoka kwa furaha au kwa machozi, na hakuna aliyeuliza baba atamwona siku gani. Kama haijasemwa, peleka maombi mahakamani iandikwe, tena kwa undani: wikiendi ipi ya mwezi, nani anampakia gari na nani anampokea, likizo zigawanywe vipi, Idi au Krismasi ya mwaka huu na ya mwaka ujao. Omba pia iandikwe kwamba mambo makubwa ya mtoto, kama kuhama shule, matibabu ya kulazwa na mambo ya mila, uarifiwe kabla. Amri za aina hii zinaweza kubadilishwa hali inapobadilika, na mtoto kutoka miaka saba kwenda kumi ni mabadiliko ya kutosha kuzungumzia. Hakimu anaweza kutaka kumsikia yeye mwenyewe, ana umri huo sasa.

Kama hukumu tayari inakupa siku na wao wanakuzuia, rudi mahakama ile ile ukaombe amri itekelezwe. Usiende na pikipiki kumvizia njiani akitoka shule. Mtoto ambaye mahakama imempa mama yake ukimwondoa bila ruhusa ni kosa kwa Sheria ya Mtoto, hata kama wewe ni baba na hata kama ulimpeleka tu kula chipsi.

Na kabla ya hayo yote, kama yupo mzee wa upande wao unayeheshimiana naye, mwombe aende na wewe kwa wajomba mara moja. Usianze kwa lawama. Peleka doti ya kanga kwa bibi, mpongeze kijana kwa kuvuka, sema wazi kwamba jando limepita na wewe hutafuti ugomvi, unatafuta Jumamosi mbili kwa mwezi. Nimeona nyumba nyingi zikifunguka kwa namna hiyo ambazo karatasi ya mahakama isingezifungua. Ukikataliwa, kesho yake asubuhi uko kwa karani wa mahakama.

*Dada yangu, salamu kutoka Nachingwea. Mwanangu na mkewe waliachana, yeye yuko Dar es Salaam, mke kaolewa Songea. Wajukuu wawili wamebaki kwangu, mmoja miaka sita, mmoja mitatu. Hakuna anayetuma kitu. Nikimpigia mwanangu anasema hali ngumu. Nina umri mkubwa, mguu unanisumbua. Bibi ana haki yoyote hapa, au niendelee kuvumilia?*

Salamu, dada yangu, na Mungu akupe nguvu. Haki unayo. Sheria ya Mtoto inamruhusu ndugu anayemlea mtoto kuomba mahakamani apewe malezi yake rasmi, na inamruhusu pia kuomba amri ya matunzo dhidi ya wazazi. Huhitaji kungoja mwanao apate moyo. Wazazi wote wawili wana wajibu, na mama kuolewa tena hakukumwondolea wa kwake. Amri ya matunzo kwa kawaida hudumu mpaka mtoto atimize miaka 18.

Najua kumshitaki mtoto uliyemzaa ni jambo zito, hutalala. Basi anza na afisa ustawi wa jamii hapo Nachingwea. Yeye anaweza kuwaita, akawaandikisha makubaliano, na ikishindikana anaweza kupeleka maombi mahakamani yeye mwenyewe kwa niaba ya watoto, ili jina lako lisiwe mbele. Mwambie na habari ya mguu. Kama unahitaji mtu wa kukuandikia, uliza halmashauri wakuelekeze kwa wasaidizi wa kisheria, ambao wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 na huwasaidia wasio na uwezo bila malipo.

Huyo wa miaka mitatu, kama hana cheti cha kuzaliwa, usisubiri wazazi wake. Mchukulie kadi ya kliniki umpeleke ofisi ya kata au kituo cha afya, chini ya miaka mitano anasajiliwa bure. Yule wa sita cheti chake kinafuatiliwa kwa utaratibu wa wilaya, na utakihitaji Januari anapoandikishwa darasa la kwanza, kwa hiyo hicho kianze wiki hii.